Samaki wa Mombasa na Ng'ombe wa Boga

Tangu nirudi, kila anayeketi kwenye benchi la kibanda changu anauliza kabla hata sahani haijafika: "Mama Georgette, samaki ya bahari iko namna gani? Inapita ya Kasenyi?" Nimejibu mpaka mdomo umechoka, na kila mara najibu nusu tu, kwa sababu nusu ya pili haisemeki huku nageuza tilapia kwenye mafuta ya moto. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Mliouliza habari za samaki mtazipata. Lakini safari hii haikuwa ya samaki peke yake, na ambaye anataka kucheka tu aishie pale ninapokula kamba wa baharini.

Mambo ya pasi na vibali siyaandiki. Kila mtu anajua yanavyochosha.

Kwa wasionijua vizuri: mimi napika samaki wa ziwani, wanaotoka Kasenyi, karibu na soko la Bunia. Baba yangu, Muzee Kisembo, ni mfugaji, na kwa mila ya ukoo wetu mfugaji hali samaki. Si kwamba samaki ni kitu kibaya. Ni kwamba samaki na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani havikai katika tumbo moja. Ukivichanganya, chuchu za ng'ombe zinapasuka na ndama wanakufa. Ndivyo tulivyolelewa. Aliyekula samaki, akipewa kikombe cha maziwa, lazima aseme kabla hajakipokea: "Nimekula samaki." Basi anapewa maji na hakuna anayekasirika. Mimi nimeyasema maneno hayo nyumbani kwa baba kwa miaka kumi na tano. Vita vya kwanza vya huku kwetu vilituachia ng'ombe wachache, watoto wangu walitaka kusoma, nikachagua samaki. Baba hakunigombeza hata siku moja. Ila hajawahi kula kwangu, hata ndizi, maana sufuria zangu zote zimeshagusa samaki. Alikuwa anapita, anasimama ng'ambo ya barabara, ananipungia fimbo na kuendelea zake. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Ng'ombe waliobaki walikuwa kumi na moja, upande wa Boga, mikononi mwa Mugisa. Mugisa ni mtoto wa shangazi Anastasie, dada mkubwa wa baba. Mimi naye tuna umri mmoja, tumenyonya majira yale yale. Wakati sisi wengine tulikimbilia mjini na mikeka yetu, yeye alikataa. Alisema ng'ombe hawajui kupanda lori.

Mwaka huu mdogo wangu Dieudonné, ambaye anafanya kazi Mombasa ya kutoa bandarini mizigo ya wafanyabiashara wa huku, alipata mtoto wa kiume akampa jina la baba. Baba akasema lazima aende kumpaka samli ya ng'ombe wa ukoo kwa mkono wake mwenyewe. Mugisa akatengeneza samli, akaituma mjini katika chupa ndogo iliyofungwa kwa jani la mgomba. Mimi nikasema nitamsindikiza baba. Wote walinisifu kwa moyo mwema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kula pweza.

Bunia hadi Mahagi

Tulipaswa kufika siku ile ile. Tulifika siku ya tatu.

Siku ya kwanza tulikaa kwenye kizuizi tukingoja magari yawe mengi ili yaende pamoja na askari. Dereva wetu, kijana mnene mwenye mdomo, alikuwa akituambia kila nusu saa kwamba tunaondoka sasa hivi. Mvua ikanyesha. Siku ya pili tuliondoka, tukakuta lori limelala ubavu katikati ya njia, matope hadi milangoni, na nyuma yake msururu wa magari usioonekana mwisho.

Katika gari letu alikuwemo mama mmoja wa Butembo, mfanyabiashara wa vitenge, mcheshi sana. Njaa ilipotubana alifungua chungu chake: sombe ya majani ya muhogo na makayabu, yule samaki mkavu wa chumvi mnayemjua. Harufu ikajaa gari lote. Akamgawia kila mtu kwenye kifuniko, na alipofika kwa baba akapiga goti kidogo, kama inavyostahili.

"Papa, kamata, ukule. Njia ingali mrefu."

"Aksanti, mama. Miye niko na ng'ombe," baba akajibu.

Yule mama akaangalia nje ya dirisha, akatafuta ng'ombe kwenye matope. Gari zima likacheka, na baba akacheka pia. Ilibidi nieleze. Mama wa Butembo alitikisa kichwa, akasema kwao mtu mwenye njaa hana ng'ombe wala mbuzi, ana tumbo tu. Baba akala ndizi mbili za kuchoma, akanywa maji, akalala ameegemea mfuko wake akiwa ameikumbatia chupa ya samli. Nakumbuka nilimwonea hasira. Nilisema moyoni, mzee huyu atakufa njaa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe ambazo ziko kilomita ngapi kutoka hapa.

Mahagi tulilala tu, sina cha kusimulia isipokuwa viroboto.

Pakwach

Ukivuka mpaka na kupita Nebbi unafika darajani Pakwach, pale Nili inapopita. Basi halijasimama vizuri, madirisha yamejaa samaki. Wanawake wanakimbia wamebeba sinia kichwani, samaki wa kukaanga wamepangwa vichwa juu, wengine wa moshi wamekunjwa duara, mkia mdomoni. Nilinunua bila aibu. Nyama yao ni laini kuliko ya kwetu, lakini wanakaanga katika mafuta yaliyochoka. Nilimwambia muuzaji, hakunielewa, akaniongezea samaki mwingine mdogo akidhani nalalamika kuhusu ukubwa.

Kiti cha pembeni mwa baba alikaa bibi mmoja wa huko, mwenye heshima zake, kitambaa kizuri kichwani. Alinunua samaki mkubwa, akamkata kipande cha tumboni, kile kitamu, akampa baba kwa mikono miwili. Baba akakataa kwa mikono miwili. Bibi akampa tena. Baba akakataa tena, akitabasamu. Basi yule bibi uso ukambadilika. Akakata kile kipande nusu, akala nusu moja mbele ya macho ya baba, akatafuna polepole, akameza, akafungua mdomo kuonyesha kwamba amemeza. Halafu akamnyoshea nusu iliyobaki.

Alidhani baba anaogopa sumu.

Watu wote walikuwa wanatazama. Mimi nilikuwa viti vitatu nyuma na mdomo umejaa, Kiingereza changu ni cha kuhesabia tu, na lugha ya yule bibi siijui. Baba alisimama, akavua kofia, akainama, akaja kukaa nyuma karibu na mizigo. Bibi hakugeuka tena hadi alipoteremka. Baba alikuwa na machozi. Aliniambia, "Nimemufanya yule mama kama mulozi, kama muchawi." Nikamwambia si kitu, hatutamwona tena. Nilimaliza samaki wangu haraka na sikusikia utamu.

Kampala

Hapa ndipo safari ilipoharibika, na naomba msome polepole.

Tulifika asubuhi, basi la Nairobi lilikuwa la mchana. Nilimwacha baba ameketi juu ya mifuko yetu kwenye kituo cha mabasi, nikaenda kumtafutia chai ya maziwa na kuweka kadi mpya ya simu, maana yangu haikushika mtandao kama ile ndogo ya baba. Simu ilipopata mtandao, ikaingia sauti aliyoirekodi binti yangu Rachel, niliyemwachia kibanda.

"Mama, usimwambie babu kwanza. Wamefika watu na bunduki kule kwa Mugisa, alfajiri. Wameiba ng'ombe yote. Watu wawili wamekufa, wamezikwa. Mugisa haonekani. Hawajapata mwili yake. Mama, usirudi na ile barabara kwanza."

Niliisikiliza mara tatu nimesimama katikati ya watu wanaonisukuma. Nilimwona Mugisa tukiwa wadogo, akinifundisha kukamua, akinicheka kwa sababu mikono yangu ilikuwa baridi na ng'ombe walinipiga teke. Nikakaa kwenye ukingo wa mfereji na chai mkononi.

Niliamua kunyamaza. Msinihukumu haraka. Nilimjua baba: akisikia, angegeuka pale pale, angepanda gari la kwanza la kurudi, na ile barabara ingemmeza yeye pia. Nikajiambia nitamwambia Mombasa, akiwa ameshamwona mjukuu, akiwa amekaa kwenye kiti na mwanawe yuko karibu.

Niliporudi alikuwa ameketi vile vile, kofia juu ya goti.

"Bunia iko salama?" akauliza.

"Iko salama, Papa."

Akapokea chai, akaitazama kwa muda, akanywa. Kisha akasema chai ya huku ina sukari nyingi mno.

Njiani hadi Mombasa

Busia tulikaa foleni chini ya jua. Wanawake walikuwa wakiuza omena, wale dagaa wa ziwa, na samaki wa kukaanga waliopangwa kama vitabu. Baba hakuwa amekula tangu ile chai. Nilimwomba achukue mahindi ya kuchemsha, akala robo. Nilitazama yale mahindi yaliyobaki mkononi mwake, nikatazama wale samaki wanene wa hatua mbili mbele yetu, na neno likafika ulimini: Papa, kula, hakuna ng'ombe tena. Nikalimeza. Sijawahi kumeza kitu kigumu kuliko hicho, na nimemeza miiba mingi.

Baada ya Nairobi basi liliharibika. Fundi alikuja, akaondoka, akarudi na mwenzake, wakaondoka wote. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri, kando ya njia, kwenye nyasi kavu. Abiria mmoja, Mkenya wa makamo aliyesema kwao pia wanafuga, aliketi na baba kwenye kivuli cha basi. Baba akaanza kumsimulia ng'ombe wake. Akawataja wote kumi na moja, mmoja mmoja: huyu mwekundu mwenye pembe iliyoinama, mama yake alikuwa nani, alizaliwa mvua gani, huyu mweusi anapenda kulamba chumvi mkononi mwa Mugisa na si kwa mtu mwingine, huyu iko na mimba, atazaa karibu. Hakuruka hata mmoja. Yule Mkenya alikuwa akisema "ehe, ehe," na mimi niliondoka, nikaenda mbali kwenye nyasi nikalia kwa kanga mdomoni, kwa sababu nilidhani anawahesabu hai na mimi najua hawapo.

Mombasa, kwa Dieudonné

Joto la kule ni kama kuishi ndani ya jiko langu, ila hakuna mlango wa nyuma wa kutokea. Dieudonné alitupokea kituoni. Watoto wa jirani walipomwona baba na ndevu zake nyeupe walimkimbilia: "Shikamoo! Shikamoo babu!" Baba hakujua kinachojibiwa. Akawapa mkono mmoja mmoja, akasema "Jambo, habari gani," nao wakabaki wamesimama wanangoja, hawaondoki, mpaka Zawadi, mke wa mdogo wangu, akamnong'oneza aseme "marahaba". Tangu hapo akawa anasema marahaba hata kwa wauza mikate ambao hawajamsalimia.

Nilimvuta Dieudonné jikoni nikamwambia yote. Aliweka paji la uso kwenye mlango wa kabati. "Yaya, Mugisa?" alisema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Yaya, apana." Tukakubaliana tumwache baba ampake mtoto kwanza.

Siku iliyofuata, asubuhi, baba alioga, akavaa koti lake la kanisani katika joto lile. Akafungua chupa. Akampaka mjukuu wake paji la uso, kifua, viganja, nyayo. Mtoto alikuwa akicheka kwa kutekenywa. Baba alipofika mwisho wa samli aliigeuza chupa, akaingiza kidole, akazungusha ndani mpaka kioo kikawa safi, akampaka mtoto kile kilichotoka. Zawadi alisema, "Baba, si ungebakisha kidogo?" Baba akasema apana, hii inamutosha yeye tu.

Jioni ile tulitaka kumwambia. Mimi nilimsukuma Dieudonné, naye akanisukuma mimi. Wote wawili watu wazima, tukakosa mdomo.

Meza za samaki

Alasiri ya siku ya tatu nikasema nitembee, kichwa kinapasuka, nione basi hao samaki. Baba akachukua fimbo. "Nitaenda na weye," akasema. Nilishangaa, lakini nilidhani anataka upepo.

Kando ya bahari, karibu na ile ngome ya zamani, watu walikuwa wanaanza kupanga meza: majiko ya makaa, karai za mafuta, sinia za samaki, ndimu zilizokatwa, bakuli za pilipili na ukwaju. Nilikwenda meza ya mama mmoja anayeitwa Bi Rukia, kwa sababu mafuta yake yalikuwa meupe. Baba akabaki kwenye ukuta, hatua chache nyuma, kama afanyavyo barabarani kwetu.

Mimi nina ugonjwa wa kazi. Sinunui samaki bila kumfungua mashavu nione wekundu na kumbonyeza mgongo. Nilianza kubonyeza. Bi Rukia akanitazama.

"Mamangu, waniminyia samaki wangu kwa nini? Huyu katoka majini leo, hata jicho bado laangaza."

"Miye napikaka samaki, mama. Njo kazi yangu."

"Haya, kama ndiyo kazi yako, basi bonyeza na huyu," akasema, akanitolea pweza mzima, mikono minane, na nikabaki kidole hewani. Hana mashavu. Hana mgongo. Sikujua nimjaribie wapi. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Kampala.

Basi sikilizeni, wale wa samaki. Pweza amechemshwa, anakatwa vipande vidogo, anachomwa juu ya makaa, anamwagiwa ukwaju na pilipili. Unatafuna muda mrefu, mwanzoni unadhani umedanganywa, halafu utamu unatoka polepole. Supu yake inanywewa katika kikombe, ina chumvi na ndimu, na wanaume wanaoinywa wanatazamana kwa macho ya ujanja. Ngisi ni mweupe na laini, nilimpenda kuliko wote. Kamba nilimla na ganda lake, na miguu, na kichwa, nikivunja kwa meno kama mwendawazimu, mpaka Bi Rukia akaniuliza kama kwetu watu hula pia sahani. Samaki anayeitwa changu, wa kukaanga, ana nyama ngumu inayoachana vizuri na mfupa. Je, anampita samaki wa Kasenyi? Ana chumvi yake mwenyewe ndani, hilo sisi hatuna. Zaidi ya hapo sijui, kwa sababu sikumaliza.

Nilikuwa nimeshika ngisi wa pili nilipomwona baba ameketi kwenye benchi kando yangu. Mezani. Kofia ameiweka mapajani.

"Georgette," akasema. "Nichagulie moja. Weye njo unajua."

Nilidhani joto limemchanganya. "Papa, hii ni samaki."

"Ninaona. Siko kipofu."

"Papa, na ng'ombe..."

"Shangazi yako alinipigia simu. Kampala. Weye ulikuwa umeenda kutafuta chai."

Nikaweka ngisi chini. Makaa yalikuwa yanalia, Bi Rukia alikuwa anampa mtu chenji, na mimi sikusikia kitu kingine.

"Kwa nini, Papa? Juu ya nini hukuniambia?" nikauliza.

"Na weye, juu ya nini hukuniambia?"

Hakusema kwa hasira. Alieleza taratibu, akitazama mafuta. Alisema alijua kutoka Kampala, na ile chai ya sukari aliinywa akijua. Alisema alikuwa bado na samli ya mtoto mfukoni, na mtu anayebeba samli ya ng'ombe wa ukoo lazima abaki msafi mpaka aifikishe. Sasa imekwisha. "Najizuia tena juu ya nini?" akasema. Kwenye nyasi zile baada ya Nairobi, nikaelewa, hakuwa anawahesabu ng'ombe wake. Alikuwa anawaaga.

"Lakini Mugisa," nikasema. "Mwili haujaonekana. Rachel anasema..."

"Shangazi yako anasema vilevile. Iko mu pori, amejificha na ng'ombe, atatokea. Miye sikumujibu." Akafuta jasho kwa kofia. "Mugisa haachaka ng'ombe, Georgette. Unamujua. Kama ng'ombe zimeenda, yeye naye ameenda. Nichagulie."

Nikamchagulia. Nilifungua mashavu ya changu watano, nikabonyeza migongo yao, na safari hii Bi Rukia alinisogezea sinia. Niliyemchagua alikaangwa, akaletwa kwenye sahani na ndimu. Baba hakujua aanzie wapi. Mtu wa miaka sabini na kitu, hajui kwamba samaki ana miiba. Aliuma kipande kizima, mwiba ukamchoma ufizi, akautoa kinywani akautazama. Nikavuta sahani, nikachambua nyama kwa vidole vyangu, nikamwekea upande wake, kama nilivyowafanyia watoto wangu wote. Akala. Nikachambua. Akala.

"Kumbe njo hii," akasema katikati. "Njo hii inanukiaka mu barabara pale kwako."

"Njo hii, Papa."

"Iko muzuri."

Miaka kumi na tano nilikuwa nimetamani baba yangu ale samaki kwa mkono wangu. Nilikuwa nimewaza siku hiyo itakavyokuwa, nguo nitakayovaa, kitambaa cha meza. Ilipofika niliichukia kwa moyo wangu wote. Bi Rukia aliuliza kama mzee ni mgonjwa wa meno. Nikasema ndiyo.

Kurudi

Njia ya kurudi sisimulii. Baba alikula samaki Busia, alikula samaki Pakwach, kimya kimya, kama mtu anayemeza dawa kwa saa. Pakwach nilimtafuta kwa macho yule bibi wa kitambaa, lakini hakuwepo.

Tulifika Bunia Jumamosi. Jumapili baada ya misa tukaenda kwa shangazi Anastasie. Anakaa chumba kimoja cha kupanga tangu tulipokimbia vita. Mnamjua shangazi: mwembamba, wima, hataki kushikwa mkono. Tulimkuta amefagia uani, na kwenye kamba nguo za Mugisa zimefuliwa, suruali mbili na shati. Hakuwa amelia. Majirani walituambia mlangoni kwamba tangu siku ile hajalia, na anayeanza kulia mbele yake anafukuzwa.

Alitukaribisha vizuri. Aliuliza habari za mtoto, kama ana nguvu, kama amechukua pua ya ukoo. Akatuambia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mavuno, kwamba kuna mtu ametoka upande wa Boga na ameona moshi msituni, mbali, mahali pasipo na kijiji. "Ni yeye. Anachemusha chakula yake. Anangoja njia ifunguke."

Mimi nikatazama sakafu.

Kisha shangazi akainuka. Jirani mwenye ng'ombe alikuwa amempa maziwa, naye alikuwa ameyatunza kwa ajili ya mdogo wake aliyetoka safari ndefu. Akayamimina katika kikombe cha bati, akafuta ukingo kwa kidole, akamnyoshea baba kwa mikono miwili.

Niliona mkono wa baba ukiinuka, ukasimama. Angeweza kupokea. Ng'ombe wa jirani si wa kwetu. Mila isingemkamata, na mimi ningenyamaza mpaka kaburini. Nilimwomba Mungu ili baba apokee.

Baba akasimama, akavua kofia.

"Yaya," akasema. "Nimekula samaki."

Shangazi hakuondoa kikombe. "Umekula nini?"

"Samaki. Mombasa."

Alimtazama machoni. Uani kuku walikuwa wanaparua. Nilimwona akifika mahali ambapo baba alikuwa amefika, akakataa kuingia.

"Basi umemuzika," akasema. "Miye mama yake sijaona hata kidole yake, na weye umekwisha kumuzika na meno yako."

"Yaya..."

"Nyamaza."

Akainua kikombe, akayanywa yale maziwa mwenyewe, amesimama, yote, bila kupumua. Akafuta mdomo.

"Miye nakunywaka maziwa," akasema. "Siku Mugisa atatokea, atajua nani alimungoja. Sasa mwende."

Tulikwenda. Nyuma yetu tulisikia akitoa nguo kwenye kamba, akazisuuza, akazianika tena.